Watani Hawalipwi kwa Jumla

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niko Kariakoo tangu enzi za nyumba za mabati zenye baraza, sasa ukiinua kichwa unaona ghorofa na nyaya, na mbingu kipande. Nimemwona mtu akifungua duka kwa dua na mbuzi wawili, na kabla ya mfungo akaja kuniomba kazi ya kubeba maboksi. Nimewaona mke mkubwa na mke mdogo wakikutana kwenye kaunta yangu, kila mmoja kashika kanga ileile, doti ileile, kanunuliwa na mume yuleyule. Ukinipigia simu useme dunia imepasuka, nitakuuliza imepasukia upande gani, halafu nitamaliza chai yangu.

Shule sina. Darasa la nne, basi, na kuandika nimejifunza kwa kuandika risiti. Lakini wasomi wangapi wana duka la jumla na stoo mbili Gerezani? Wengine wanakuja kwangu na tai shingoni kuomba mali kauli, walipe wakishauza. Na mali yangu mimi hakuna aliyeifikiria kabla yangu: nauza sherehe. Njuga, shanga, filimbi, usinga, kaniki, mashuka mekundu, kofia za manyoya, kanga za jozi, ngozi za kuwambia ngoma. Mkoa gani unacheza nini, mwezi gani, wamevaa nini, niulize mimi. Kalenda yangu iko kwenye oda.

Wasukuma wakishavuna, vyama vyao viwili vya ngoma vinakwenda uwanjani kushindana, kila kimoja na dawa zake na vituko vyake, na kitakachovuta watu wengi ndicho mshindi. Vyama vyote viwili vinanunua kwangu. Kiongozi wa hiki anauliza, wenzetu wamechukua nini? Namwambia wamechukua mara mbili ya hizo zako. Yule wa pili naye namwambia hivyohivyo. Wamakonde wanapowatoa watoto jandoni, mtoto anavishwa vipya kuanzia kofia mpaka soksi, na mjomba ndiye analipa, na mjomba siku hiyo habishi bei sana kwa sababu ya macho ya dada zake. Wanyakyusa wanataka mashati meupe na filimbi. Wagogo wanataka njuga nzito, wanazipima kwa kuruka hapohapo dukani mpaka wapangaji wa juu wanagonga sakafu. Unguja kusini, mwaka wao mpya ukifika, wanaume wanachapana kwa mabua ya mgomba ili chuki za mwaka mzima ziishe, na wanawake wanataka kanga ambayo hajaivaa mtu. Hata mahoteli wanakuja, wana wageni, wanataka "kitu cha asili". Wale nawauzia asili kwa bei yake.

Mizigo ya mikoani alikuwa anaipeleka dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki mimi sijaota meno, na dada akanibeba mgongoni kwenye treni kutoka upande wa Tabora mpaka hapa. Tulipanga chumba Ilala, nyumba ya Kiswahili yenye ua na choo cha wote. Alikaanga vitumbua, nikala vitumbua, nikakua. Nilipopata duka nikamwambia akae apumzike, akakataa, akasema hawezi kukaa kama picha ukutani. Basi akawa anapanda basi na marobota yangu, anakwenda kuyakabidhi huko sherehe zinakochezwa. Lakini akifika harudi siku hiyo. Anacheza. Alikuwa akirudi na mtindo mpya wa mabega au wa kiuno, anakuja kunionyesha dukani mbele ya wateja, mwanamke mzima mwenye presha, na wateja wanampigia makofi. Mimi nilikuwa naona aibu kidogo. Yeye neno aibu sijui kama lilikuwa kwenye Kiswahili chake.

Ila sherehe yake kubwa ilikuwa hapahapa mjini, na haina msimu. Ni misiba ya Wazaramo.

Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo tangu misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani na kulala kwenye vijiji vya babu zao. Utani wenyewe uko hivi. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi anaingia msibani na kufanya atakalo. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyotembea, anamtukana, anaficha sufuria ya wali, anakaa mlangoni na kusema jeneza halipiti mpaka alipwe. Anataja bei ya kichaa. Mfiwa hakasiriki. Mfiwa anabisha, anamrudishia matusi, anapunguza bei, na katika kubishana hivyo anacheka, na akishacheka anaweza kulia vizuri. Na ni mtani huyohuyo anayechimba kaburi, anayewasha moto, anayeteka maji, anayemshika mjane asianguke. Siku ya msiba wa Mnyamwezi, Mzaramo anakuja kulipiza. Kila mtoto wa Ilala anajua haya.

Dada alikuwa hatari. Alipofariki mwenye nyumba mmoja wa Kizaramo, mtu mkali wa kodi, dada alivaa koti la marehemu akapita kiti hadi kiti chini ya turubai akidai kodi ya miezi mitatu, na mjane, aliyekuwa hajatoa sauti tangu alfajiri, akacheka mpaka akamwangukia begani akilia. Alipofariki baba wa fundi wa majiko, dada alikaa mlangoni akanyoosha miguu akadai nauli ya kurudi Tabora, daraja la kwanza, na godoro lake. Fundi wa majiko akabishana naye, wakashuka mpaka daraja la tatu, mpaka kusimama, mpaka dada akakubali kupelekwa juu ya lori la mkaa, ndipo akainua miguu jeneza likapita.

Huyo fundi wa majiko ni mzee wa Kizaramo, anagonga mabati chakavu Gerezani, anatengeneza majiko ya mkaa. Baada ya siku ile akawa hampiti dada njiani bila kumkumbusha. "Nakusubiri, mpagazi wewe. Siku yako nitakuchelewesha mpaka malaika waulize kulikoni." Na dada anamjibu, basi chelewa kufa, unisubiri. Mzee naye alikuwa na presha, na akienda kupimwa alikuwa akiwaambia manesi wamtunze vizuri, ana kazi moja hajaimaliza, ana mtu wa kumzika. Mimi niliyasikia haya miaka yote nikayaona maneno ya wazee.

Dada alianguka uani masika, anafua. Hospitali alikaa siku chache. Asubuhi moja wakaniambia.

Niliamua msiba uwe wa hadhi yangu. Kabla ya saa tatu maturubai yalishafungwa mtaa mzima, viti vya kutosha, mapipa ya maji ya kunywa, spika. Walikuja wenzangu wa sokoni, matajiri wa vitambaa, Waarabu wa maduka makubwa na kanzu zilizopigwa pasi, watu ambao wakikohoa bei ya shuka inapanda. Nilikaa katikati yao. Wazaramo nao walifika mapema sana, nawasifu kwa hilo. Wanawake wao walishaingia jikoni, moto umewaka, masizi mikononi. Wanaume walishaegemeza majembe ukutani wanangoja waonyeshwe pa kuchimba. Mimi sikuwaangalia sana. Mambo hayo huwa yanakwenda yenyewe, kama maji ya bomba siku yanapotoka.

Ndipo nikasikia kicheko kinatoka chumbani kwa dada. Akatoka fundi wa majiko. Amevaa dera la dada, lile la maua makubwa ya njano, amejifunga kilemba chake, nyuma amejitia mto, mkononi sinia ya vitumbua. Mzee mzima na ndevu zake. Akatembea kama dada, anavuta mguu wa kushoto, anasimama kila hatua kumi kushika kiuno, akaja moja kwa moja mbele ya wageni wangu.

"Mdogo wangu tajiri huyu," akasema kwa sauti ya dada, na alikuwa ameipata. "Ana stoo mbili. Mimi ananiletea sukari nusu kilo, na kuileta ananiletea kwa bodaboda."

Ilala yote ikaangua kicheko. Ndani kwa wanawake nikasikia kilio na kicheko pamoja. Mzee akaenda akakaa mlangoni, akanyoosha miguu pale jeneza litakapopita, akataja bei yake: laki tano, ng'ombe dume, na mke wa Kinyamwezi mwenye mabega ya kubebea magodoro. Halafu akanitazama. Watu wote wakanitazama.

Nilijua ninachotakiwa kusema. Nilitakiwa kusema wewe na meno yako mawili utatafuna vipi ng'ombe dume. Kitu kama hicho. Midomo ilishaanza kufunguka. Lakini pembeni yangu alikaa tajiri mmoja wa vitambaa niliyekuwa natafuta kufanya naye biashara kubwa, akaniinamia akauliza taratibu yule mwendawazimu ni nani na kwa nini watu hawamtoi. Masikio yakanichoma. Na Kariakoo, mtu mzito habishani bei mbele ya watu wazito. Anayebishana ni mchuuzi. Nikainuka, nikaingiza mkono kwenye kanzu, nikatoa bunda la laki tano, nikamwekea kwenye sinia ya vitumbua.

"Hupunguzi?" akaniuliza. Kwa sauti yake mwenyewe sasa.

"Sipunguzi. Mgawane wote, mtuache tuzike kwa amani."

Matajiri wakatikisa vichwa, wamependa. Mzee hakuhesabu. Alikaa akiitazama ile pesa, halafu akainuka, akafungua kilemba, akavua dera, akatoa mto. Dera akalikunja vizuri, mikono ndani, akanikabidhi. Akageukia wenzake.

"Tumelipwa," akasema. "Tokeni jikoni."

Mtani akilipwa bila kubishiwa bei, utani umekwisha. Anakuwa mgeni. Wanawake wao wakatoka na masizi yao, wakaacha maji yanachemka. Wanaume wakachukua majembe. Wakaja wakakaa kwenye viti vyangu vya kukodi, safu ya nyuma, wakaomba maji ya kunawa kama wageni wengine wote.

Sikutetereka. Nasema kweli. Nilipiga simu. Ndani ya saa moja nilikuwa na wapishi wa kukodi na masufuria yao. Waosha maiti walikuwepo, hilo ni la dini. Kwa kaburi nikawapigia makuli wa sokoni, vijana wenye nguvu, wanabeba robota la mitumba kama mto wa kulalia, nikawatumia pesa yote kwenye simu ili wasichelewe. Nikarudi kwenye kiti changu. Kila kitu kinakwenda, si unaona.

Ila msiba ulitulia kama benki. Wapishi wa kukodi wanapika kimya. Wanawake ndani kimya. Matajiri wanaangalia simu zao, mmoja baada ya mwingine wanaangalia saa. Hakuna aliyemtaja dada. Nilijaribu mwenyewe kumwambia yule tajiri wa vitambaa jinsi marehemu alivyokuwa anacheza, akasema Mungu amrehemu, akauliza mzigo wangu wa Julai nitauchukua wapi. Nilikuwa na lile dera mapajani, sijui niliweke wapi. Nikalitia kwenye mfuko wa plastiki nikaubeba.

Mvua ikaanza tulipokuwa njiani kwenda makaburini, ile ya masika isiyo na haraka. Makaburi yenyewe yako kwenye mteremko, maji yote ya juu yanapita hapo yakielekea bondeni Jangwani. Tukafika, makuli hawapo. Walishalipwa, wangoje nini? Walichimba wakakuta maji, wakachimba kidogo tena wakaondoka. Lilikuwa shimo tu, kama la choo. Mwanandani hawakuchimba, ile nafasi ya ubavuni anamolazwa maiti. Hata upande wa kibla hawakuujali. Maji ya udongo mwekundu yalikuwa ndani, yanapanda, na kingo zinamomonyoka.

Imamu alichungulia. Akasema huyu hawezi kulazwa humu, na akaangalia juu kutafuta jua lilipo. Alasiri tulishaiswali kitambo.

Vijana wangu wa dukani nikawapa jembe. Walilishika kama kalamu. Mmoja aliteleza akaingia mpaka kiunoni, tukamtoa. Wageni wangu wa kanzu walishazikunja mpaka magotini, wakakumbuka magari yao. Walikuja kunishika mkono kwa adabu kabisa, pole sana, pole sana, mvua hii, wakaondoka. Tajiri wa vitambaa aliondoka wa kwanza. Jeneza tuliliweka juu ya mawe mawili, na lile shuka la kijani juu yake lilikuwa limelowa mpaka limekuwa jeusi. Nilisikia matone yanavyogonga ubao. Nikafikiri, dada ananyeshewa. Alikuwa mtu wa kuanua nguo wingu likiwa bado liko baharini, na sasa ananyeshewa.

Wazaramo walikuwepo. Walikuja nyuma yetu, kwa miguu, wamesimama kwenye ukuta wa makaburi na majembe yao mabegani. Wanaume kama kumi. Nikawaendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema fundi wa majiko. "Poleni na msiba."

"Mzee wangu, shimo limeharibika. Nisaidieni."

"Sisi wageni. Mgeni hashiki jembe."

Nikamwambia nitaongeza. Nilitoa tena, laki mbili au tatu, sikuhesabu, mvua ikanyeshea noti mkononi mwangu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja akatazama pembeni kama ninafanya jambo la faragha. Nikasema, mzee, taja bei.

"Bei niliitaja asubuhi. Ukainunua." Akalishusha jembe lake chini. "Miaka yote hii nakunywa vidonge vichungu. Nimekatazwa chumvi, nimekatazwa nyama, nimekubali. Kwa ajili ya siku moja tu, nimtukane dada yako mpaka anisikie aliko. Umeninunua kwa laki tano mbele ya Waarabu."

Alikuwa analia. Au ni mvua, lakini kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Wenzake wakaangalia chini.

Nilirudi kwenye shimo nikasimama. Imamu akaja ubavuni kwangu, akasema kwa upole kwamba magharibi haiko mbali, na kama hatuna namna tumrudishe nyumbani mpaka kesho. Kumrudisha. Tumbebe tena tumpitishe Ilala, mtaa wote uone jeneza linarudi. Hilo sijawahi kulisikia kabila lolote, sherehe yoyote, msiba wowote.

Nikautazama ule mfuko wa plastiki mkononi.

Nitasema hivi, na anayenijua Kariakoo atakubali: hakuna bei nisiyoweza kuigeuza. Nimewahi kumuuzia mtu mzigo alioniuzia mwenyewe. Lakini siku ile akili haikuja kama ya biashara. Ilikuja na hasira. Nilikuwa na hasira na yule mzee, na makuli, na mvua, na dada pia, kwa nini afe masika. Nikarudi ukutani, nikalitoa dera, nikamtupia kifuani.

"Umesahau nguo yako," nikasema. "Asubuhi umekuja kwangu umevaa gauni la mwanamke. Ile laki tano nilikupa ukanunue suruali."

Alilidaka lisianguke. 

"Suruali?" akasema.

"Suruali. Nimekuonea huruma. Ulidhani nalipa utani? Nani anamlipa Mzaramo laki tano kwa utani? Huo utani wako bado hujauuza. Na chenji ya suruali naidai."

Kuna kijana nyuma yake alitoa sauti puani, akajizuia. Mzee alinikazia macho muda mrefu, maji yanamtiririka kwenye ndevu. Alikuwa anapima. Mimi namjua mtu anayepima. Halafu akaliinua lile dera, akalivaa juu ya nguo zake zilizolowa, likamganda. Akanipita, akavuta mguu wa kushoto, akashika kiuno, akafika kwenye shimo, akashuka ndani. Maji yalimfika juu ya magoti. Akaegemea ukingo, akakunja mikono.

"Sitoki," akasema. "Milioni kumi."

"Kwa shimo la maji? Hata chura hapangi humo."

"Chura ana kwao. Milioni nane."

"Elfu moja."

"Elfu moja ni ya mate niliyotema tangu nifike. Dada yako amekula mihogo ya Wazaramo miaka yote hajalipa hata chumvi. Milioni tano."

"Nyinyi mmeuza Dar es Salaam nzima, kiwanja kwa kiwanja, pesa mkaichezea ngoma ya mwali. Mmebakiwa na shimo hili moja. Na lenyewe linavuja."

Wazaramo wakalipuka. Mmoja akapiga jembe chini. Mzee akapaza sauti juu yao, bila kucheka, uso umekaza, akasema sisi tulikuja pwani tumebeba pembe za watu, tukarudi tumebeba chumvi ya watu, na sasa tunabeba maboksi ya watu, na huyu mwanamke akifika huko aendako atasimama getini aulize mzigo uko wapi.

Hapo ndipo nilipocheka. Nilimwona, bwana. Nilimwona dada kabisa, amesimama huko kajishika kiuno anauliza mzigo uko wapi, kama alivyokuwa akiuliza dukani kwangu alfajiri kabla ya basi. Nikacheka, na kile kicheko kikabadilika katikati, kikawa sauti ambayo sijawahi kuitoa, hata nikiwa mtoto sikulia hivyo. Nilikaa chini kwenye matope na kanzu yangu. Mkono wa mtu ukanishika kwapani. Mzaramo mmoja, sikumjua jina. Alinishika hivyo mpaka mwisho.

Wenzake walishaingia kazini, hakuna aliyewaambia. Walikata mfereji juu ya kaburi kuyageuza maji. Wakachota kwa ndoo. Wakakwangua ubavu wa kibla, ule wa juu kwenye mteremko, wakachimba mwanandani kwa ncha za majembe na mikono, udongo unadondoka wanauzuia kwa mbao. Haikuwa kazi nzuri. Hakuna kazi nzuri kwenye udongo ule. Imamu akasema itatosha, na alisema kama mtu anayejua haitoshi ila muda umekwisha.

Nilishuka mimi kumpokea. Mzee hakutoka, alibaki humo na dera lake. Tulimpokea wawili, yeye kichwani, mimi miguuni. Alikuwa mwepesi. Dada yangu aliyenibeba kwenye treni alikuwa mwepesi kuliko robota la kanga, na sanda ilishika maji kabla hatujamfikisha ubavuni. Tulimlaza kwenye udongo uliolowa. Tulitia mchanga mkavu kidogo uliokuwa umefunikwa na mtu, nao ukalowa palepale. Mzee aliinama akamwambia kitu sikioni. Maneno mengi, si machache. Sikuyasikia na sikumuuliza. Kisha tukapanga mbao.

Juu yetu waliobaki walikuwa wachache, na giza linaanza kukaa. Wakatunyooshea mikono tutoke. Mimi nikashika mkono wa mtu. Mzee akakunja mikono yake tena.

"Hatujaelewana," akasema. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana.

"Mzee, utaumwa. Toka."

"Hatujaelewana bei."

Nikaachia ule mkono nikabaki naye chini. Hakuna aliyecheka sasa. Nikasema elfu tatu. Akasema laki moja. Nikasema wewe umezoea kuuza majiko mabovu. Akasema elfu hamsini. Nikasema elfu nne. Tulikwenda hivyo, sauti ndogo, kama watu wanaoongea mgonjwa akiwa amelala karibu, na kila aliposhusha alitaja kitu cha dada: elfu thelathini kwa kuwa alinicheka siku ya baba yangu, elfu ishirini kwa kuwa hakunialika kwenda kucheza Usukumani, elfu kumi kwa kuwa katangulia. Nami nilibisha kila kimoja. Elfu tano. Elfu tisa. Elfu sita. Aliposema elfu saba hakutaja tena kitu cha dada, nikajua hana tena pa kushukia. Zile noti kubwa nilikuwa nazo, mzigo mzima kwenye kanzu, sikuzigusa. Niliingiza mkono mfuko wa suruali niliyovaa chini ya kanzu, zinamokaa za kununulia chai, nikatoa zote zilizokuwemo, zimegandana, na sarafu tatu chini yake.

Nikamhesabia kiganjani, moja moja, akafunga mkono, tukatoka: shilingi elfu sita mia nane na hamsini.